Jibini la Buluu na Ng'ombe Mmoja

Sogeeni, ila msiniulize nimeyasikia wapi. Huko Italia, chini ya milima ya theluji, walikuwepo watatu: Ginevra, fundi wa kugandisha maziwa, shangazi yake Prassede aliyemlea, fundi wa kunusa siri za watu, na mzee Ottavio, ambaye chakula hakijawahi kumshinda.

Baridi ilipokaribia, ng'ombe wakashuka kutoka mlimani wamechoka, maziwa yao mazito. Jioni Ginevra akayagandisha. Mara Bruno, mpenzi wake wa siri, akapiga mluzi nje ya ua. Mh! Msichana huyo akatoka mbio, maziwa yake akayasahau kwenye kitambaa mpaka asubuhi. Kwa woga akayachanganya na ya asubuhi, akatengeneza jibini moja kubwa, akaliweka pangoni likomae.

Shangazi akauona uso wa Ginevra unavyong'aa. "Huyu kavishwa pete, tena kaificha!" Akapekua godoro, akapekua unga, mwisho akaingia pangoni na sindano ya kufumia, akalidunga jibini matundu kila upande. Pete hakuipata. (Ilikuwa ndani ya soksi, lakini mimi sijasema.)

Wiki zikapita. Tajiri mwenye ng'ombe hao, aliyemwajiri Ginevra, akaja, akalikata jibini. Lo! Ukungu wa buluu umetambaa ndani, umefuata matundu, na harufu kama viatu vilivyonyeshewa.

"Wapeni nguruwe! Na Ginevra afungashe virago!"

"Ngoja, bwana," akasema Ottavio. "Mtoto huyu hunipikia supu nikiugua." Akamega, akatafuna, akafumba macho. Akamega tena. "Nguruwe watafute chao."

Tajiri naye akaonja. Laini, kali, halafu utamu unakuja taratibu. Akalamba kisu. "Aliyenipa jibini hili nampa ng'ombe mmoja."

"Ni mimi niliyechanganya," akasema Ginevra. "Nikimpata ng'ombe huyo, naolewa na Bruno ng'ambo ya mlima."

"Bila matundu yangu ukungu ungepitia wapi?" shangazi akadakia. "Ng'ombe ni wangu, nawe utabaki kunikamulia. Ukienda, mimi nitamchunguza nani?" Akageuka, akajifuta macho kwa kilemba.

"Na bila ulimi wangu," akasema Ottavio, "lingekuwa tumboni mwa nguruwe. Ng'ombe wangu amekufa, nakula mkate mkavu."

Tajiri akakuna kichwa, akakata kipande kingine, na bado anatafuna. Ng'ombe kafungwa pale pale, chuchu zimejaa, analia akamuliwe.

Haya, nyie mnaopenda kuamua mambo ya watu: kamba ya ng'ombe huyo ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?