Picha ya Kiwanja cha Kavira

Hapo zamani, wala si zamani sana kwa kuwa simu zilikwishafika, palikuwa na kijiji chini ya mlima wa moto. Sogeeni karibu. Nimechoka, na hadithi hii hunichosha zaidi.

Mitambo ilitegwa mlimani. Mlima ukitikisika, mitambo humwarifu Kasereka, msimamizi wake, naye huwatumia wanakijiji ujumbe kwenye simu. Kisha akaja Paluku, mpima ardhi, akawaambia wapige picha viwanja vyao kwa simu, picha zenye kuonyesha mahali, maana lava hufukia mipaka. Ili wasizembee akaongeza: asiye na picha hapewi kiwanja.

Siku moja mama wa mwanakijiji mmoja, Masika, akafariki. Desturi ya kule, ukiingia msibani simu unaiweka kapuni, ili marehemu aombolezwe kwa utulivu. Wakaweka wote. Mchana mlima ukatikisika. Kasereka akatuma ujumbe, akachukua watoto wake, akapanda kilima cha usalama. Kapuni simu zikanguruma zote pamoja. Watu wakamtazama mfiwa. Masika akasema simu za msibani hazijibiwi, akaendelea kulia.

Walipoona moshi, moto ulikuwa umekaribia. Wakabeba jeneza wakakimbia, kila mtu akichomoa simu yake. Wabebaji wa jeneza walichukuliwa simu zao na wake zao. Lakini Kavira, mke wa mbebaji mmoja, Muhindo, alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Simu ya Muhindo ikabaki.

Kilimani Muhindo akaikumbuka picha. Kavira akamshika shati, akamsihi aiache.

"Bila picha watoto watalala wapi?" Muhindo akasema. Akashuka, na hakurudi.

Lava ikapoa. Wenye picha wakapimiwa viwanja, ardhi iliyosalia ikaisha. Kavira akawa analala kanisani na wanawe. Sasa kule wana sheria yao: aliyezima jiko la mwenzake atampa mahali pa kuwasha jingine. Wazee wakawaita watatu waliodhaniwa kulizima jiko la Kavira, kila mmoja na kiwanja kisichogawanyika.

Kasereka akasema, "Nilituma kwa wakati. Kweli, nilijua wako msibani, ningeweza kupita. Lakini nami nina watoto. Na kapu si langu."

Masika akasema, "Nilikuwa namlilia mama. Kasereka angekuja kwa miguu, ningeinuka. Tena Muhindo alifika kilimani mzima. Hakufia kapu langu, alifia picha."

Paluku akasema, "Picha hizo zimewarudishia ardhi watu wote hawa. Nilitisha kidogo tu wasizembee. Wangeondoka mapema, Muhindo angekuwa na simu yake mfukoni."

Wazee wakamgeukia Kavira, achague mwenyewe.

"Wazee wangu, sina nguvu ya kumchukia mtu," akasema. "Nionyesheni tu pa kuinjika sufuria."

Wazee wakaahirisha shauri. Mimi nami nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nalala nikiwa na jibu jingine. Haya, ninyi ambao hamjachoka: kati ya watatu hawa, nani ang'oe mafiga yake ampishe Kavira?