Foleni ya Kiboko na Foleni ya Nyati

Hapo zamani za kale, na wewe acha kuchokonoa pua usikilize, wanyama walimchagua mkubwa wao kwa kupanga foleni nyuma yake. Mwenye foleni ndefu ndiye mshindi. Basi!

Mwaka huo waligombea Kiboko na Nyati. Ghala la kijiji lilikuwa limebaki na mtama wa mbegu tu, na mvua ilikuwa karibu.

"Nichagueni mimi!" akanguruma Kiboko. "Kila nyumba debe la mtama kutoka ghala la kijiji!"

Puu! Vumbi! Wote mbio nyuma ya Kiboko.

"Mimi madebe mawili!" akafoka Nyati.

Puu! Wote mbio nyuma ya Nyati. Bibi Kobe akafika wa mwisho, akihema na kushangilia.

Mama Kindi akamkimbilia. Wanawe watakula nini mwakani? "Bibi, mbona unashangilia? Hizo ni mbegu zetu!"

"Ala! Mbegu? Mwanangu, sisi tumeambiwa mtama. Nani alituuliza kama tunataka kula mbegu?"

Kindi akaruka. Huyo, chapuchapu, hadi begani kwa Kiboko.

"Mheshimiwa, Nyati anakushinda! Mtama wa kijiji kila mtu anaweza kuuahidi. Toa wa nyumbani kwako, tena leo leo!"

Kisha akamrukia Nyati, maneno yale yale, ila sasa eti Kiboko ndiye atakayeshinda.

"Nafungua ghala langu mwenyewe!" akapayuka Kiboko.

"Na langu! Sasa hivi!" akadakia Nyati.

"Mmesikia wenyewe!" Kindi akapiga kelele. "Leteni vikapu!"

Lo! Walichota, wakala hadi maghala yote mawili yakabaki matupu na Bibi Kobe akalegeza kanga. Kiboko na Nyati wakabaki kutokwa jasho tu, maana kukataa mbele ya wapiga kura ni aibu.

Ndipo Kindi akapanda juu ya ghala la kijiji. "Wenzangu, humu mna mbegu za mwakani. Anayetaka tuzile, ajipange nyuma ya Kiboko na Nyati. Anayetaka tuzipande, ajipange nyuma yangu."

Bibi Kobe akajikokota hadi nyuma ya Kindi, na wengine wote wakamfuata, wameshiba, wanacheka.

Mwisho kabisa wa foleni walisimama Kiboko na Nyati, vichwa chini.

"Nanyi pia?" akauliza Kindi.

"Tufanyeje, mama?" akanong'ona Kiboko. "Nyumbani hata punje ya kupanda hatuna."

Ndiyo hivyo, wanangu: mpiga kura akiambiwa anachoahidiwa kinatoka wapi, hachagui njaa.