Ndama wa Subilaga na Programu Iliyoshikwa

Nina mtego hapa. Anayetaka kuingia aseme "naingia," asiyetaka aende zake mapema. Mmeingia wote? Haya, nafunga mlango, na msije mkanilaumu.

Huko Rungwe, kwenye mvua isiyojua siku ya mapumziko, palikuwa na ghala la parachichi, na ghalani humo mafundi watatu wa kompyuta. Gwakisa alikuwa na mkono wa kushika: programu ikiwa inatembea, huishika ikasimama pale pale ilipo, haifi wala haiendi. Tumpe alikuwa na jicho la kusoma: programu ikishashikwa, hufungua kumbukumbu yake akakwambia imesimama wapi na ikiachiwa itafanya nini. Anyosisye alikuwa na subira ya kuongoza: programu iliyoshikwa huitembeza hatua moja moja, na panapotakiwa kugeuzwa kitu, hugeuza. Kila mmoja alijiona ndiye bora. Mafundi ndivyo walivyo.

Ila hadithi si yao. Ni ya Subilaga, mkaguzi wa matunda, mama wa watoto wawili, ambaye saa tisa alasiri alirudi chumba namba nne cha kuhifadhia matunda kuchukua kipimajoto alichokisahau juu ya kreti. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Chumba kile si cha baridi tu. Ili parachichi zisiive, kompyuta hufunga mlango, hufungua valvu ndogo ya gesi, kisha hufungua valvu kubwa, na hewa yote ya kupumua husukumwa nje. Parachichi hulala. Mtu akiwemo hulala pia, ila yeye haamki. Subilaga aliyajua hayo, maana ndiye aliyekuwa akiwaeleza wageni. Akauvuta mkono wa mlango wa ndani. Ulivunjika tangu Februari, na tangu Februari wakubwa walikuwa wanasema "tunalishughulikia." Juu ya kichwa chake valvu ndogo ikaanza kupuliza.

Akakimbilia simu ya ukutani iendayo chumba cha mafundi. "Mimi Subilaga. Nimo ndani ya namba nne, na gesi imeanza. Fungueni."

"Zima, uwashe," akasikia msimamizi akiamuru huko upande wa pili. Zima, uwashe! Dawa ya televisheni, ya simu, na siku hizi hata ya ndoa.

"Hapana, mzee," akasema Anyosisye. "Tukiizima, mlango unabaki umefungwa na valvu inabaki wazi. Tukiiwasha, inaanza upya na kwenda mpaka valvu kubwa."

Kwa nje mlango haukuwa na mkono, uliitii kompyuta tu. Na kuifunga valvu kwa mkono? Ilikuwa juu ya paa, ndani ya kizimba chenye kufuli. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa meneja, na meneja alikuwa Mbeya.

Subilaga aliyasikia yote. "Jamani, ng'ombe wangu ana mimba," akasema. "Atakayenitoa humu, ndama ni wake." Na Rungwe ndama haahidiwi kwa mzaha.

Tumpe akajaribu kuishika programu mwenyewe ili aisome. Kompyuta ikamkatalia. Msishangae. Ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini, ndicho kinachoamua nani amguse nani, na sheria yake haina mjomba wala shangazi: programu moja, mshikaji mmoja.

"Inasema ina mshikaji tayari," akasema Tumpe. "Nani kaishika?"

Subilaga akahesabu pumzi zake, zikafika tisa. Kichwa kilikuwa kimeanza kuwa chepesi. Aliwaza watoto wake, na nani atawasongea ugali jioni hiyo, na machozi yakamtoka.

"Ni mimi," akasema Gwakisa.

Asubuhi alikuwa ameweka alama ya kusimama ndani ya programu, kwa sababu alishuku kwamba inafunga mlango bila kuangalia kama kuna mtu. Kisha akaenda kunywa chai, chai ikazaa ubishi wa mpira, naye akasahau alama yake. Saa tisa ilipofika programu ilifunga mlango, ikafungua valvu ndogo, ikaifikia alama, ikasimama. Gwakisa angeweza kubonyeza mara moja tu, kuiachia kimyakimya, na aibu yake isingejulikana na mtu. Hakubonyeza. "Nimeishika bado," akasema. "Njooni kwenye kiti changu."

Tumpe akakaa, akaifungua kumbukumbu. "Hatua inayofuata ni valvu kubwa. Kaka, ungeiachia, saa hizi tungekuwa tunazungumza na marehemu."

"Nasikia," akasema Subilaga.

"Nisamehe, dada. Tulia, usisimame sana." Akaendelea kusoma. "Hapa nyuma pana swali: kuna mtu ndani? Jibu limeandikwa 'hapana.' Wala hakuna aliyeuliza, limeandikwa hivyo tangu programu inatungwa. Jibu likiwa 'ndiyo,' kuna njia nyingine ya kufunga valvu na kufungua mlango."

"Niachie mimi," akasema Anyosisye. Akairudisha programu nyuma mpaka kwenye swali, akafuta "hapana," akaandika "ndiyo."

"Sasa iache ikimbie," akasema msimamizi.

"Njia hii haijawahi kupitwa, mzee. Ikikimbia sijui itaangukia wapi."

Akaitembeza. "Hatua," alisema simuni, ili Subilaga asikie. "Hatua. Hatua." Subilaga alikuwa ameketi sakafuni, kipokea simu sikioni, macho yanajifunga. Anyosisye akaona hatua moja inataka kurudi kwenye valvu kubwa. Akairuka. "Hatua." Valvu ndogo ikanyamaza. "Hatua." Mlango ukalia, ukaachia.

Subilaga alitoka kwa magoti mpaka nje, mvua ikamnyeshea usoni, naye akawa anashukuru kwa lugha ya kwao: ndaga, ndaga.

Mwezi uliofuata ng'ombe akazaa. Ndama mmoja, jike, mwekundu.

Tumpe akaja zizini kudai. "Gwakisa alishika tu, na Anyosisye alitembeza tu. Bila macho yangu mmoja angeachia, mwingine angepotea. Njia niliiona mimi."

Anyosisye akaja. "Kuiona njia si kufika. Ile hatua mbaya nani aliiruka? Dada alisema 'atakayenitoa.' Mlango ulifunguka mkononi mwangu."

Gwakisa alikuja wa mwisho, akasimama mbali. Kesho yake baada ya tukio alikuwa ameutengeneza ule mkono wa mlango bila kuagizwa na mtu. "Mimi sidai," akasema, macho chini.

"Utadai nini?" akauliza mama yake Subilaga. "Ungeitoa alama yako kama mtu mwenye akili, mwanangu asingekwama mle."

"Mama," akasema Subilaga, "ingetolewa ile alama, valvu kubwa ingefunguka nikiwa bado navuta mkono mbovu."

Subilaga alikuwa amesimama zizini na kamba ya ndama mkononi, watatu wako mbele yake, na ahadi ni deni. Tangu siku ile haendi kulala mpaka mlango wa chumba uachwe wazi, na usiku kucha hulijadili jambo hili peke yake.

Na nyie msidhani mtatoka hivi hivi. Mlango niliufunga mimi, mnakumbuka. Ukisema Gwakisa, kamwambie mama yule usoni kwamba zawadi anapewa aliyesahau. Ukisema si Gwakisa, kamwambie Subilaga, anayejua ni mkono wa nani ulikataa kuachia. Ukimtaja Tumpe, Anyosisye anakusikiliza, na ukimtaja Anyosisye, Tumpe naye ana masikio.

Je, wewe ungemkabidhi nani ile kamba?