Mpini wa Kuloweka

Mpini wa kuloweka hukaza asubuhi tu. Leo mmemsikia mtu akiambiwa hivyo, mkacheka na wenzenu, kisha mkaniuliza maneno haya yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Tumbwi. Ilikuwa sauti ndogo, gizani, jogoo wa kwanza hajawika. Kalunde, aliyelala na bintiye Nyanzobe ubavuni, aliijua mara moja: mumewe Lugendo alikuwa akitumbukiza shoka kwenye chungu cha maji.

Shoka lenyewe lilikuwa jipya, pana, linang'aa. Kasoro ilikuwa kwenye mpini. Watu wa misitu ile hukata mti wa mkole wakauweka darini juu ya jiko, ukala moshi msimu mzima, ndipo wauchonge. Lugendo aliukata mbichi na kuuchonga siku hiyo hiyo. Sasa ulikuwa unakauka na kusinyaa, na chuma kilicheza ndani yake kama jino la mtoto. Maji yangeuvimbisha ubane tena.

Haraka ilikuwa na sababu. Mvua ilikuwa imekata mwaka wa pili, nao walikuwa wanahamia kwa wazazi wa Kalunde, mwendo wa siku mbili katika msitu wenye simba. Kalunde alimsihi wachukue pia kishoka cha marehemu baba yake Lugendo, kile chembamba chenye mpini mweusi kwa moshi.

"Mama Nyanzobe," Lugendo akacheka, "unataka niingie ukweni nimebeba kidude cha kuchanjia kuni za mboga?"

Kulipokucha alilitikisa shoka lake. Kimya. Akalipiga kwenye kisiki, likazama. Basi kishoka kikabaki ukutani.

Walitembea kutwa, shoka likikauka juani begani mwa mwenyewe. Jua lilipoinama walisimama penye migunga kando ya dimbwi, wakate matawi ya miiba wazungushe boma la kulala. Kalunde aliona nyayo za simba kwenye tope, bado mbichi. Alimvuta mtoto karibu.

Lugendo akapiga mara moja, mara ya pili. Mara ya tatu mpini ulirudi mtupu. Chuma kilipita kikivuma, kikajikita ardhini hatua moja tu kutoka miguuni pa Nyanzobe.

Hakuna aliyelia. Lugendo alichutama, akamkagua mtoto miguu yote miwili. Kisha akakiokota chuma, akaelekea dimbwini kwenda kuloweka tena.

"Baba Nyanzobe," Kalunde akamwita taratibu, "maji yameshakudanganya mara moja leo. Nipe kisu."

Akachonga kabari kwenye tawi kavu la mkurungu. Akakata ukanda pembeni mwa mbeleko yake ya ngozi, akauviringisha kwenye mkia wa shoka, ule unaopenya kichwa cha mpini, kisha akaigongomea kabari kwa jiwe mpaka kila kitu kikashikana. Akamwomba mumewe aachane na mashina, akate matawi membamba, kwa mapigo mafupi, na asipige kumi bila kuitazama kabari. Mtoto wakamketisha nyuma ya mti mnene. Giza lilipoingia, boma lilikuwa limefika kifuani. Simba alikuja, akazunguka, akanguruma, akaenda zake.

Siku ya pili jioni walifika. Walipokewa vizuri, maji ya kuoga, uji, vigelegele vya mama mtu. Kasanda, kaka yake Kalunde, alilishika lile shoka akalisifu mno. Lugendo akasimulia safari yote: jua, nyayo, boma, mngurumo. Lile la chuma kuchomoka akalipita kando.

Kasanda akaleta shoka lake, nalo limelegea. Alfajiri angekwenda msituni na wanawe wawili kuchonga mizinga ya nyuki. Akasogeza chungu cha maji.

"Shemeji, hata wewe huloweka?"

"Huloweka," akajibu Lugendo, macho chini.

"Hukaza?"

"Hukaza."

Shoka likazamishwa. Kalunde alisikia maneno yakimjaa kinywani, lakini mke hamvui mumewe nguo mbele ya wakwe. Akamtazama Lugendo, akingoja. Lugendo akakoroga uji wake, ambao haukuhitaji kukorogwa. Akawatazama wale wana wawili wa Kasanda, wanabishania nani kesho atasimama karibu zaidi na baba yao.

Nyanzobe akaweka bakuli lake chini.

"Mjomba," akasema, "mpini wa kuloweka hukaza asubuhi tu."