Mnara Mpya, Kiti Kimoja

Sogeeni, wenye masikio. Hadithi hii nina kichwa na kiwiliwili chake. Miguu mnayo nyinyi.

Huko Kigoma palikuwa na kiwanda kilichotoa asidi ya mafuta kutoka kwenye mawese, kisha kikaipika iwe sabuni. Mnara wa kuisafishia asidi ile, chungu kirefu cha chuma kilichoigeuza mvuke na kuirudisha kuwa kimiminika, uliendeshwa na watu watatu. Nyanzobe alikuwa na pua: alijua mafuta yanaungua kabla hayajabadilika rangi. Mzee Lusambo alikuwa na sikio: bomba likikohoa, alijua linaumwa wapi. Na Ntahondi, fundi kijana, alikuwa na mikono isiyoogopa moto.

Mnara ulizeeka, moshi ukawala vifua. Nyanzobe ndiye aliyemsumbua tajiri, Bwana Sadalla, mpaka akaleta mpya, unaochemsha bila hewa ndani.

"Lakini huu unataka mtu mmoja tu," tajiri akasema.

Nyanzobe akajuta. Aliomba mvua, akaletewa mafuriko.

Siku ya kuuwasha, alinusa kikombe cha kwanza cha asidi akapiga kelele. "Inaungua! Hewa inaingia!" Asingenusa yeye, wangeendelea kuchochea mpaka mnara ulipuke.

Inaingilia wapi? Viungo vilikuwa tele. Mzee Lusambo akawanyamazisha wote, akategea sikio bomba moja baada ya jingine. "Hapa panavuta pumzi." Asingesikia yeye, wangetafuta mpaka moto uwakute wakitafuta.

Ntahondi hakungoja chuma kipoe. Alipanda, akakaza nati, na ngozi ya viganja ikabaki kwenye spana. Asingekaza yeye, wenzake wangekufa wakijua tu kinachowaua.

Kiwandani hapo kulikuwa na desturi: aliyeokoa mpiko usiharibike ndiye hukata mche wa kwanza wa sabuni. Sabuni ilipoiva, Sadalla akamkabidhi Nyanzobe, aliyeuomba mnara, waya wa kukatia. "Atakayekata, au atakayekatiwa, ndiye atakayebaki na mnara. Mnajuana wenyewe, amueni."

"Mwanangu," Mzee Lusambo akasema, "kwa umri huu nani ataniajiri tena?"

Ntahondi akainua mikono iliyofungwa bendeji. "Dada, mimi hata huo waya siwezi kuushika; nikitoka hapa nitafanya kazi gani?"

Nyanzobe aliwaza wanawe, na mume aliyewaacha. Akawaza pia kwamba mnara huu aliuita yeye, kwa mdomo wake. Sabuni ilikuwa nyeupe pe, nzuri kuliko zote walizowahi kupika, naye aliichukia. Aliona aibu kuukaza waya, akaona woga kuuachia.

Sabuni nayo haingoji mtu. Ikishakauka haikatiki, na Sadalla alikwishaapa kwamba isipokatwa, ataleta mgeni auendeshe mnara.

Basi, msiniambie waigawane kazi. Kiti ni kimoja. Pua, sikio au mikono? Je, wewe ungekuwa Nyanzobe, waya mkononi na wenzako wakikutazama, ungeamua vipi?