Ukwato wa Nyati na Kinu cha Wanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kugombana na majirani kama sisi, aliishi mama mmoja mdogo wa mwili na mwepesi wa ulimi. Huyo ni Bi Pimbi. Alikuwa na watoto tele na shamba moja tu la muhogo. Shamba hilo ndilo lililowalisha wote.

Asubuhi moja alikuwa uani akitengeneza wanga. Alikuwa amekwisha kuukuna muhogo na kuukamua, na yale maji yake meupe akayaacha yatuame ndani ya kinu. Alipoyamwaga maji ya juu, chini ulibaki wanga mzito, mweupe pepepe. Jikoni chungu cha maji kilikuwa kikitokota.

Mara, kwatu! kwatu! kwatu! Ua ukaangushwa. Akaingia Nyati, na nyuma yake Fisi, mpambe wake, ulimi nje.

"We Pimbi!" Nyati akanguruma. "Kuanzia leo shamba hili ni langu. Funga virago!"

"Na nusu ya mavuno ni yangu," Fisi akadakia. "Bwana mkubwa ameniahidi."

Watoto wa Pimbi wakaanza kulia. Pimbi naye aliogopa, kwani nani hamjui Nyati? Lakini hakuonyesha.

"Karibu, Bwana Nyati. Hodi hukupiga, lakini karibu. Shamba nitakupa. Ila majirani wakiniuliza niwajibu nini? Umelishinda au umeliiba?"

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa pale uani, kila mmoja ametega sikio. Nyati akaona haya.

"Mimi siibi! Nashinda!"

"Ehee! Basi shinda." Pimbi akavua ushanga wake shingoni, akauweka juu ya wanga. Ushanga ukazama polepole, ukapotea. "Piga ukwato humu, uguse ushanga. Ukiugusa, shamba lako. Ukishindwa, nami nikautoa, usikanyage tena hapa."

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu. "Uji mbichi! Bwana mkubwa, piga twende tukachimbe muhogo!"

Nyati akainua mguu juu, akaushusha kwa nguvu zake zote. Ndu!

Ukwato ukaruka juu kama umepiga mwamba.

"Aaa! Kuna jiwe humu!"

Fisi akatia kidole. Kidole kikazama, tepe. "Hakuna jiwe, bwana. Ni laini."

"Laini gani? Sogea!" Nyati akarudi nyuma, akaja mbio. NDU! Safari hii maumivu yalimpanda mpaka kwenye pembe, machozi yakamlenga. Msicheke, wanangu. Haya, chekeni.

Sasa ikawa zamu ya Pimbi. Akakaza kanga yake, akauteremsha mkono wake taratibu, taratibu, kama anayemtoa mtoto aliyelala mgongoni. Mkono ukaenda mpaka chini. Ukarudi na ushanga.

Vigelegele! Lililililiii!

"Uchawi!" Nyati akafoka.

"Uchawi uko wapi? Wanga ni punje ndogo ndogo, macho hayazioni. Ukizijia kwa upole zinapishana, zinakupa njia. Ukizijia kwa kishindo zinabanana, kama watu wanaokimbilia mlango mmoja. Umeshindwa, bwana. Nenda."

Lakini Nyati si mtu wa kukubali. Akautia mguu kinuni na kuulalia kwa uzito wake. "Siendi! Nasimama hapa hapa nione nani atanitoa!"

Kwa kuwa alisimama tuli, mguu ukazama polepole mpaka chini. Alipotaka kuutoa, akauvuta kwa ghafla. Wapi! Akavuta tena. Wanga ukamkaba zaidi.

"Fisi! Fanya kitu!"

"Moto, bwana! Samli ikiganda tunafanyaje? Si tunaipasha? Ngoja nilete yale maji yanayochemka jikoni!"

Pimbi akarukaruka, mikono kichwani. "Jamani, msimwage maji ya moto! Nawasihi, msimwage! Mtaniharibia!"

Fisi akamkonyeza Nyati. "Umesikia? Hataki. Basi hiyo ndiyo dawa." Akakibeba chungu, akamimina chote. Shwaaa!

"Mama weee!" Nyati akarusha mguu huku na huku, akaukoroga ule wanga vizuri kuliko mwiko wowote. Punje zikanywa maji, zikavimba, zikapasuka, zikashikana. Weupe ukatoweka, ukaja mng'ao. Wanga ukawa ulimbo mtupu, na kadiri ulivyopoa ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu.

Nyati akataka kukimbia. Kwata, ngo! Kwata, ngo! Kinu mguuni. Majirani hoi kwa kicheko.

"Bi Pimbi," akasema kwa sauti ndogo, "nisaidie, mama."

"Samli ni samli, bwana, na wanga ni wanga. Moto unaoyeyusha kile unakazisha hiki. Dawa ninayo. Apa kwanza."

Nyati akaapa mbele ya wote kwamba hatalikanyaga shamba lile, yeye wala ukoo wake. Pimbi akatia maji ya baridi, akachokoa pembeni kwa kijiti, bila haraka, mpaka kinu kikaachia: fyoop! Ukwato ukatoka, umevaa ute mzito mpaka gotini.

"Hautoki ute huu," Nyati akanung'unika.

"Huo si wanga mbichi tena, ni uji," Pimbi akajibu. "Na uji hulambwa." Kisha akageuka. "Bwana Fisi, wewe si uliahidiwa mavuno?"

Nyati akamtolea Fisi macho mekundu. Fisi akatazama kushoto, akatazama kulia, akapiga magoti, akaanza kulamba.

Basi, wanangu, kinachokataa kishindo hukubali upole.