Ming'oko ya Siku ya Tatu

Wapo watu wanaomwona mgeni kuwa mzigo. Zena wa Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, hakuwa mmoja wao, ila alikuwa na ugonjwa wake mwingine: kujionyesha. Shoga yake wa tangu shule, Mektilda, mwalimu mstaafu wa Newala, alipokuja kuitembelea Dar es Salaam kwa wiki moja, alipikiwa pilau, na kesho yake biriani. Hata kuosha kikombe alikatazwa.

Shangwe hiyo haikufika chumba cha ndani. Humo alikaa mama yake Zena, Bi Mwanne, mzaliwa wa Lindi aliyeletwa Kariakoo akiwa bi harusi. Tangu mumewe afariki, na hata baada ya kutoka eda, chakula kilimshinda. Hospitali hawakuona maradhi. Alikunywa uji vijiko viwili, akageukia ukutani. Alibaki mifupa na ngozi, na Zena aliogopa kuzika mara ya pili ndani ya mwaka mmoja.

Siku ya tatu marafiki hao walikwenda sokoni. Kando ya barabara, mama mmoja alikuwa ametandaza ming'oko juu ya kiroba: vile viazi vyembamba vya porini, bado vina udongo wa kusini. Mektilda akachutama, akavinusa, machozi yakamlengalenga.

"Nipe mafungu mawili, mama."

"Shoga, acha bwana!" Zena akamvuta. "Mizizi ya porini hiyo! Majirani watasemaje, mgeni wangu namlisha vya kuchimba?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo napika mimi."

Zena alinuna njia nzima. Walipofika, Mektilda akaiosha ming'oko, akaichemsha na chumvi, akaweka sinia mkekani. Mara mlango wa ndani ukafunguka. Bi Mwanne akatoka akijishikiza ukutani.

"Shikamoo, mama," Mektilda akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nani kachemsha ming'oko?"

Hakungoja jibu. Aliketi, akamenya mmoja, akala, akamenya wa pili.

"Kiangazi tulikuwa tunaenda kuchimba, mimi na dada zangu," akasema. "Baba yako, Zena, alinikuta huko, mikono yote udongo. Akasema, huyu nikimwoa sifi njaa."

Akacheka, kisha akalia kilio ambacho hakikumtoka hata msibani. Alipomaliza, akaendelea kula.

"Mama, mbona hukuniambia unaitamani?"

"Wewe unavionea haya vya kwetu, mwanangu. Nami nikaona haya kuomba."

Maneno hayo yalimchoma Zena kama mwiba. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza mama yake kwao walikula nini! Lakini sinia lilikuwa linapungua mbele ya macho yake, na shukrani ikaishinda aibu. Akamshika Mektilda mikono yote miwili.

"Nilidhani mimi ndiye ninayekukirimu, shoga yangu. Mungu akulipe."

Bi Mwanne akasukuma sinia tupu, akauliza kama imebaki mingine jikoni. Kweli wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.